Mtu wa Pili Anasimama Wapi

Kambarage, Shinyanga
4 Machi 1984

Kwa mpwa wangu Zamoyoni, salaam aleikum.

Kwanza ujue kwamba barua yako imepokelewa na mtu ambaye, bila yeye, reli ya kwenda Zambia ingekuwa bado imekwama Mlimba inasubiri. Sisemi haya kwa kujisifu. Waulize waliokuwepo, kama wamebaki. Mainjinia wa Kichina walikuwa na ramani na matingatinga, lakini asubuhi walikuwa wanachungulia kwanza jikoni kuona kama Maulidi yupo. Nikiwepo, kazi inaanza. Nikiwa na homa, hata daraja linakataa kusimama.

Sasa nasikia umefungua darasa hapo Masumbwe, ndani ya ghala la pamba la zamani, na una wanafunzi kumi na saba. Si haba. Mimi nilianza na mwanafunzi mmoja, ambaye ni wewe, na nakumbuka ulikuwa unakuja kwa ajili ya chapati za mkaza mjomba wako. Leo mchana unashona suruali za watu, jioni unawafundisha kusimama kama binadamu. Mama yako, dada yangu Mwahija, nimemsomea barua yako mara mbili. Ameuliza unakula nini. Nimemwambia mwalimu wa kung fu hali sana.

Shika kanuni. Miendo ni minane, kuanzia wa Kusalimia Pembe Nne mpaka wa Korongo. Hakuna wa tisa, na atakayekuja kukuuzia wa tisa ni tapeli. Kila mtu acheze peke yake, mara mia, mpaka miguu iujue mwendo kama punda anavyoijua njia ya kisimani. Halafu marufuku kugusana. Kugusana ni mambo ya walevi na ng'ombe. Mwaka sabini na tatu nilikutana na simba nyuma ya kambi, nina ndoo ya maji mkononi. Nikaweka ndoo chini, nikacheza Mwendo wa Korongo toka mwanzo mpaka mwisho. Simba akakaa kitako akaangalia, nilipomaliza akaondoka zake. Sikumgusa, hakunigusa. Hiyo ndiyo kung fu.

Mimi mjomba wako,
Mwalimu Mkuu Maulidi Akida,
Mwanzilishi wa Kung Fu Mkoa wa Shinyanga na Majirani Zake


Masumbwe
20 Machi 1984

Mjomba, shikamoo.

Kanuni nimezipata na nimewasomea wanafunzi. Kisa cha simba wamekipenda.

Lakini kuna jambo limetokea, na sijui nilianzie wapi. Nina mwanafunzi mmoja anaitwa Bujiku, kijana wa miaka ishirini na mbili, mkulima, ndiye bora kuliko wote. Miendo yote minane anaicheza kukuzidi wewe, niwie radhi, kunizidi mimi. Jumamosi alipita kilabuni kumchukua mjomba wake aliyelewa. Mlevi mmoja akamkunja shati. Bujiku akafanya nilivyomfundisha: akarudi hatua, akaanza Kusalimia Pembe Nne. Alisalimia mbili. Akielekea ya tatu yule mlevi akamsukuma, akaangukia benchi, mkono ukavunjika.

Nimekwenda kumwona hospitali, mkono umefungwa plasta. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, nilichelewa pembe ya tatu. Nitafanya haraka zaidi." Mjomba, neno hilo limeninyima usingizi kuliko kama angenitukana.

Baba yake, mzee Mageni, alikuja kwenye cherehani yangu. Akaniuliza: "Unachomfundisha mwanangu ni kitu au si kitu?"

Sasa nakuuliza wewe. Katika miendo yote minane, mtu wa pili anasimama wapi? Mkono wake ukija, wangu unakwenda wapi? Miaka saba tumecheza kwenye ua wako na hujawahi kunishika hata kidole.

Wako mtiifu,
Zamoyoni


Kambarage, Shinyanga
8 Aprili 1984

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima kuliko mwaka jana, na mwaka jana nilikuwa mzima sana.

Huyo Bujiku apewe pole, na aambiwe pia kwamba kosa ni lake. Pembe ya tatu huwa haisalimiwi taratibu. Halafu nani amemtuma kilabuni? Mchina hakwenda kilabuni. Nimekaa nao miaka minne na sikuona hata mmoja amekunjwa shati.

Unauliza mtu wa pili anasimama wapi. Swali la mtu mzima, nakusifu. Jibu ni kwamba yupo, ila haonekani. Ukicheza vizuri, yeye mwenyewe anajiona hana nafasi. Sasa kama kuna watu wa Masumbwe ambao macho yao hayaoni hayo, shauri yao na macho yao.

Lakini nitakudokezea siri. Ipo sehemu ya pili ya elimu hii, ya watu wawili wawili. Mchina mkuu aliniachia mimi peke yangu, akaniambia nisiifungue mpaka aulize mwanafunzi anayestahili. Inawezekana ni wewe, inawezekana si wewe. Natafakari. Kutafakari huku usikuharakishe, kunaweza kuchukua miezi.

Kwa sasa endelea na miendo. Wacheze mara mia mbili.

Mwalimu Mkuu Maulidi Akida,
Mwanzilishi


Masumbwe
12 Juni 1984

Mjomba, shikamoo, na mfungo mwema kwenu nyote.

Bado natafuta jibu langu, na sasa nina tarehe. Mzee Mageni amemleta mtu kutoka machimbo ya Geita, jina lake Donatus, Mhaya, kifua kama mlango. Alipigana ngumi alipokuwa jeshini kujenga taifa, siku hizi anashuka mashimoni. Amekwisha kukusanya vijana kumi na analiomba ghala. Anasema yeye akifundisha, mwanafunzi wake anajua kitu kimoja tu lakini kinafanya kazi.

Wazee wa hapa wameamua tushindane siku ya Saba Saba, kwa desturi ya mbina. Unaijua ngoma ya huku: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wenyewe wanahama kufuata panaponoga. Jua likipinda, mwenye watu wengi ndiye ameshinda.

Nimekubali, na nimeongeza sharti juu yangu mwenyewe. Nikishindwa nafunga darasa. Na sitafunga kimya. Nitapita nyumba hadi nyumba, zote kumi na saba, niwaambie kwamba nilichowafundisha kilikuwa ngoma. Nyumba ya kwanza itakuwa ya mzee Mageni.

Sehemu ya pili, kama ipo, nitume mtu lini kuichukua?

Zamoyoni


Kambarage, Shinyanga
24 Juni 1984

Mpwa wangu,

Umesema mbina na mimi nikacheka mpaka futari ikanipalia. Wamejichimbia kaburi wenyewe. Watu wahame kufuata panaponoga, halafu upande mmoja yupo mtu anapiga hewa ngumi moja, bu, bu, bu, kama anakung'uta godoro, na upande wa pili yupo korongo. Wewe ungekwenda wapi?

Sehemu ya pili haihitajiki hapa. Kuitumia ingekuwa uonevu. Fanya hivi: wavalishe wote nguo nyeusi, wewe fundi cherehani hilo haliwezi kukushinda. Ngoma iwe ya polepole. Anza na Kufuta Mbingu, maliza na Korongo, na ukisimama kwa mguu mmoja kaa hapohapo mpaka wazee waanze kuona huruma. Nilifanya hivyo Makambako mwaka sabini na nne mbele ya watu elfu saba, treni ikasimama bila stesheni.

Nimekwisha kuwatangazia Kambarage nzima kwamba umeshinda. Usinifanye muongo.

Maulidi Akida,
Mwalimu Mkuu


Masumbwe
10 Julai 1984

Mjomba, shikamoo.

Tulishinda kwa saa moja hivi.

Walikuja kwetu wote. Wamama waliokuja kuuza karanga walihama na masinia kichwani. Hata mpiga ngoma wa Donatus alianza kufuata mdundo wetu bila kujijua. Upande wake alibaki yeye, vijana wake kumi, na mbuzi. Nilikuwa naingia Mwendo wa Korongo, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

Ndipo Donatus akavuka mstari. Hakukimbia wala hakukunja ngumi. Alikuja akitembea kama mtu anakwenda dukani, akasimama mahali ambapo mimi nilikuwa sijafika. Nikahesabu hatua zangu sita, nikageuka kushoto kama tunavyogeuka, na nilipogeuka kifua changu kikaukuta mkono wake. Akanigusa kwa vidole, mara moja. Nikaanza tena, hatua sita, kushoto, akawa keshanisubiri. Mara ya pili. Mara ya tatu watu walikuwa wanahesabu naye.

Hakunipiga, mjomba. Afadhali angenipiga. Aliniuliza kwa sauti ya chini, wala si kwa kejeli: "Mwalimu, nani alikwambia ukifika hapa ugeuke?"

Watu wakarudi upande wake, polepole, wengine wakinitazama kwa aibu kama mtu aliyekosa kwa mkwewe.

Jioni nilikwenda kwa mzee Mageni kuanza zile nyumba kumi na saba. Alinizuia mlangoni. Alisema desturi haikumaliza neno, kwa sababu Donatus alivuka mstari na katika mbina hakuna kuvuka. Basi tukutane tena, safari hii bila mstari na bila ngoma, wawili tu, Jumapili tarehe mbili Septemba, pamba ikishauzwa. Nadhani ananionea huruma. Lakini Bujiku alikuwa amesimama nyuma yake na ule mkono mwembamba uliotoka kwenye plasta, na bado ananitazama kana kwamba mimi najua kitu.

Nakuomba jambo moja. Kwa nini tunageuka kushoto?

Zamoyoni


Kambarage
22 Julai 1984

Mwanangu Zamoyoni,

Hii siyo barua ya mjomba wako. Ni mimi mkaza mjomba wako, Mwanne. Hati yangu uivumilie, ni ya madarasa ya elimu ya watu wazima, na mjomba wako hajui kama naandika. Nampa dereva wa basi la Kahama.

Barua yako ya Julai aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Chakula hakukigusa. Alikwenda uani akahesabu hatua. Moja, mbili, mpaka sita. Hapo pana ukuta wa choo, wewe unakijua. Alipofika ukutani akauwekea mkono, akakaa hapo mpaka nikamwita.

Mwanangu, mnageuka kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na kabati langu la vyombo. Mwaka sabini na sita aligeuka kulia akavunja vikombe vyangu sita vya harusi. Nikamwambia ukigeuka tena huko utakula kwenye kifuu. Tangu hapo ni kushoto. Wewe ulianza kuja mwaka uliofuata.

Usimchukie. Aliyoyaona Mlimba aliyaona kweli. Mzee mmoja mpishi wa Kichina alikuwa anacheza kila alfajiri, na mjomba wako akiosha masufuria alikuwa anafuatisha kwa nyuma. Aliyashika yote vizuri, maana kichwa anacho. Ila yule mzee alikuwa peke yake. Hakuwa na mwenziwe wa kucheza naye, kwa hiyo mjomba wako hakuona.

Sasa nikueleze ya kuchekesha. Siku ya tatu baada ya barua, mimi na mama Ghati wa jirani tulikuwa tunatwanga mahindi, michi miwili kinu kimoja, tunapokezana. Mjomba wako akasimama anatutazama kama hajawahi kuona kinu. Akauliza, "Mnajuaje kwamba hamtagonganisha?" Mama Ghati akamwambia, "Baba, mchi wangu hauangalii kinu, unamwangalia Mwanne." Basi akamwomba mama Ghati ampishe. Mwanaume mzima, uani kwa watu, anatwanga. Majirani wamecheka wiki nzima. Siku ya kwanza nilimponda vidole. Siku ya nne alikuwa anapokea. Siku ya sita nilibadilisha mdundo makusudi na hakugongwa. Halafu tukaacha michi tukaendelea kwa mikono mitupu, yeye anasukuma, mimi napisha, mimi nasukuma, yeye anapisha. Ana miaka arobaini na saba na nimemwangusha kwenye pumba mara tatu.

Atakuandikia. Atasema ni ya Mchina. Mwachie.

Mwanne binti Saidi


Kambarage, Shinyanga
29 Julai 1984

Mpwa wangu Zamoyoni,

Nimetafakari na nimeridhika. Unastahili. Leo nafungua sehemu ya pili.

Hii Mchina mkuu aliniachia usiku wa mwisho wa kambi, machozi yanamtoka. Inaitwa Kinu cha Mlimba. Kaa uisome taratibu, wala usimwonyeshe Donatus.

Kwanza, usitupe miendo. Mtu asikudanganye kwamba miaka saba imekwenda na maji. Mwendo ni nusu ya mazungumzo, ni majibu matupu. Sasa unatakiwa ukatafute maswali yake. Chukua kipande kimoja kidogo, kwa mfano pale mkono wa Kufuta Mbingu unapopanda. Mweke Bujiku mbele yako akuletee mkono, juu, katikati, chini, mpaka uone ni mkono upi ambao hicho kipande kinaujibu. Ukiuona utajua, kama ufunguo ukiingia kwenye kitasa chake. Ukiwa hujaona, mwambie alete polepole zaidi. Polepole hadi mtoto aone uvivu. Wenye haraka wanaponda vidole, hilo nalijua kwa utafiti.

Pili, wekeni mikono iliyogusana hapa, chini ya kiwiko, msiiachanishe. Mmoja anasukuma, mwenzake anapisha na kurudisha. Kupokezana. Usitazame mkono. Anayetazama mkono amekwisha kuchelewa. Mtazame mtu. Mkishazoea, mmoja aharibu mdundo makusudi, bila kumwambia mwenzake. Hapo ndipo elimu ilipo.

Tatu, mbadilishane wenzi kila mara. Mrefu, mfupi, wa mkono wa kushoto, mwenye hasira. Mkizoeana wawili tu mtakuwa mnacheza ngoma upya.

Nne, baada ya haya kila siku malizeni kwa mwendo mzima, kila mtu peke yake. Utashangaa. Mwendo uleule utakuwa na watu ndani yake.

Ama kuhusu kugeuka kushoto: hilo lilikuwa agizo la muda, kwa sababu za kiusalama ambazo siwezi kuzieleza kwa posta. Kuanzia leo limefutwa. Geuka unapotaka.

Na ile kanuni ya kutogusana nayo nimeifuta. Ilikuwa ya wanaoanza.

Mwalimu Maulidi Akida


Masumbwe
21 Agosti 1984

Mjomba, shikamoo sana.

Kinu cha Mlimba kimetufika na tunakitwanga kila jioni. Tulianza wanafunzi tisa, maana wanane waliondoka baada ya Saba Saba. Sasa tuko kumi na wanne.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mimi mwalimu, mkono ukija nakumbuka hatua inayofuata badala ya kumkumbuka aliye mbele yangu. Bujiku alinigusa usoni mara nyingi hadi akaanza kuomba radhi kabla. Nikamwambia acha, lete.

Halafu siku moja mtu mfupi kuliko wote, fundi baiskeli anaitwa Ignas, alinikaba shingo kwa nyuma katika zoezi, na mkono wangu ukafanya bawa la Korongo wenyewe, bila kuniuliza. Ignas akajikuta amekaa chini. Tukatazamana. Miaka saba nimelichezesha lile bawa nikidhani ni urembo, kumbe lilikuwa linamngoja mtu wa kukaba shingo. Tulirudia mara hamsini. Nilitoka nje ya ghala, nikakaa peke yangu kidogo. Mzee yule wa Mlimba, popote alipo, Mungu ampe mema. Alikuwa na kitu.

Nimekwenda kwa mzee Mageni nikamjibu swali lake la Machi. Nilimwambia, "Ni kitu. Nilikuwa nimekileta nusu." Akasema tarehe mbili ndiyo itasema.

Sharti langu liko palepale. Nikiguswa mara tatu kabla sijamgusa Donatus mara tatu, nafunga, na napita zile nyumba. Naogopa, nakuambia wewe tu. Yeye ana mikono ya mtu aliyevunja mawe miaka sita.

Njoo, mjomba. Sitakuomba kitu kingine mwaka huu. Njoo usimame mahali nikuone.

Mkaza mjomba msalimie kwa heshima zote, na mwambie vikombe nimemshonea kitambaa cha kufunikia.

Zamoyoni


Kambarage, Shinyanga
9 Septemba 1984

Mpwa wangu Zamoyoni,

Utakuwa umeninunia kwamba sikuja. Nilikuja. Nilipanda basi la Ijumaa, likaharibika Kahama, nikalitengeneza karibu peke yangu, na Jumapili saa tisa nilikuwa uwanjani Masumbwe, nyuma ya mama mmoja muuza nyanya mwenye mwavuli. Sikusimama mbele kwa sababu mwalimu mkuu akionekana mpinzani hukata tamaa, na nilitaka Donatus apigane kwa haki.

Nilikuona ulivyoingia. Umekonda, mama yako asikuone. Nilimwona Bujiku akikushikia shati, na mzee Mageni kwenye kigoda chake na fimbo magotini. Nilimwona Donatus. Mpwa wangu, hukuniambia kama ni mkubwa hivyo. Kifua kama mlango, uliandika, lakini mlango una nyumba nyuma yake na huyu naye alikuwa na nyumba.

Yaliyofuata hapa Kambarage wanayajua kuliko watu wa Masumbwe. Nimeyaeleza sokoni, kwa kinyozi, na msikitini nje baada ya swala. Nimewaambia jinsi alivyokujia kama treni la mizigo na wewe ukapisha kama mlango wa basi. Jinsi ulivyomgusa la kwanza begani, la pili ubavuni, akanguruma, yeye akakugusa moja, labda mbili. Jinsi la tatu ulivyolichukua kwa bawa la Korongo na vumbi likapanda mpaka wakadhani mvua imewahi. Watu wananiuliza maswali nami najibu yote. Kuna kijana wa ginari ya pamba ameomba kujiunga. Mkaza mjomba wako naye sasa anafundisha wanawake wanne uani kwetu, michi na mikono, na kabati limehamishwa ndani.

Nilimwona mzee Mageni akiinua mkono wako. Hilo nililiona kwa macho yangu haya na nitakwenda nalo kaburini. Nilimwona Donatus akikukumbatia na vijana wake wakivuka kuja upande wako, na wewe ukitafuta kwenye watu, unageuza shingo huku na huku. Nilijua ni mimi unayenitafuta. Nikamwomba mama wa nyanya ashushe mwavuli, naye akaushusha, nikawa sionekani kabisa. Nikaondoka kwa miguu mpaka njia panda, nikapata lori la mbegu za pamba.

Nilikimbia kwa sababu ungekuja moja kwa moja na kuniuliza, mjomba, umeonaje. Na hapo ningesema nini?

Sasa nakuomba kitu, na barua hii ukiisha kuisoma ichome. Juzi mama Ghati amenisikiliza kwa kinyozi kisha akasema, "Baba, jana ubavu ulikuwa wa kushoto, leo ni wa kulia." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini yule mama ana kichwa, na Jumapili ijayo mama yako anataka nimweleze tena, polepole, kila mkono ulivyokwenda. Dada yangu siwezi kumpa treni la mizigo. Kwa hiyo niandikie ilivyokuwa. Alianza nani, ulimgusa wapi, ulirudi hatua ngapi, uliumia au hukuumia. Andika yote, hata madogo.

Donatus alipoinua mkono wa kwanza kuja usoni kwako, nilifumba macho. Nikashika bega la mama wa nyanya, mtu nisiyemjua hata jina, na sikuyafumbua mpaka niliposikia watu wanapiga vigelegele, nikamuuliza yeye, mama, amepona?

Mjomba wako,
Maulidi